Dhahabu au fedha? Kesi ya ule mstari mwekundu wa kipimo cha malaria

Ukishatobolewa kidole na tone la damu likawekwa kwenye kile kiplastiki cha mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, unakaa robo saa na ushee unakodolea macho kidirisha, utokee mstari wa C unaoonyesha kipimo kinafanya kazi, na wa T ambao ndo wa malaria, na T ikitokea hata kwa mbaaali basi kipimo kinasema malaria unayo. Wengi tunadhani ile rangi ni damu au wino. Kwenye vipimo vingi vya aina hii ile ni dhahabu, dhahabu kabisa kama ya Geita, ila iko kwenye vichembe vya nanomita 40 hivi (nanomita ni mita ukiigawa mara bilioni), na ikiwa ndogo kiasi hicho inaacha unjano wake inakuwa nyekundu kama juisi ya rosela.

Kwa nini? Umewahi kubeba ndoo ya maji isiyo na mfuniko, kuna mwendo ukitembea maji yanatulia na kuna mwendo mmoja hatua zikiendana na maji yanavyoyumba, yanakumwagikia mpaka mgongoni. Elektroni ndani ya chembe ya metali ndo hayo maji, mwanga ndo hatua zako. Kila ndoo ina mwendo wake kwa hiyo ukibadili metali, ukubwa au umbo, rangi inabadilika. Chembe ndogo ya mviringo ya dhahabu inanasa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi ndo maana tunabaki na wekundu, ya fedha inanasa karibu na 400, maji yenye chembe hizo yanakuwa ya njano.

Sasa hapa ndo ubishi unaanza, manake kwa hesabu za mwanga peke yake fedha inaipiga dhahabu bao. Chembe mbili za saizi moja, ya fedha inanasa na kutawanya mwanga mara kadhaa zaidi, wakati dhahabu kuanzia kwenye kijani kuelekea bluu ina elektroni zingine za ndani zinazomeza mwanga na kuugeuza joto tu. Hata ile kazi ya 1974 pale Southampton, Uingereza, iliyofungua njia ya kujua kwamba metali iliyokwaruzwa inakuza mno mwanga hafifu unaotambulisha molekuli, ilifanyika kwenye fedha. Kwa hiyo mtu akikuambia tumechagua metali dhaifu, hajakosea.

Ila muulize mama yeyote mwenye bangili za fedha. Zikikaa miezi kadhaa zinaanza weusi, salfa ya hewani hiyo, na hapo ni bangili nzima, je chembe ambayo ngozi yake ni kubwa mno ukilinganisha na mwili wake? Dhahabu haina habari. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alitengeneza maji mekundu ya dhahabu miaka ya 1850, akayaandikia 1857, na chupa zake bado zipo kwenye taasisi ya sayansi ya Royal Institution kule London na wekundu wake. Kipimo kinachosafirishwa kwenye boksi juu ya bodaboda kwenda zahanati isiyo na friji kinataka tabia hiyo, na pia kingamwili, zile protini zinazonasa alama za malaria, zinashika vizuri kwenye dhahabu. (Isidhaniwe haina udhaifu, maji hayo yakiwa hayajavikwa kitu ukiyatilia chumvi ya mezani tu chembe zinagandamana na wekundu unageuka bluu hapo hapo.)

Hoja kwamba dhahabu ni ghali mimi huwa naiona nyepesi. Chembe bilioni moja za nanomita 40 zina uzito usiofika hata maikrogramu 1, sonara hawezi kukuibia hapo.

Na lile joto linalolaumiwa, kuna waliolifanya dawa. Naomi Halas na wenzake wa Rice University, Houston, walivika chembe za silika, kitu cha jamii ya kioo, koti la dhahabu ili zinase mwanga wa karibu na infraredi, usioonekana kwa macho, unaopenya nyama, ukimulika zinachemka na kuunguza uvimbe. Matokeo ya 2019 yalihusu wanaume 16 tu wenye saratani ya tezi dume, wachache, lakini ile hasara imepata kazi.

Kwa hiyo kwa kipimo cha mkononi niko na dhahabu, fedha ibaki maabara ambako inatengenezwa leo inatumika leo. Kinachonisumbua ni ile T ya mbaaali. Vimelea vikiwa vichache chembe zinazojikusanya kwenye mstari ni chache, na dhahabu kwa udhaifu wake ule ule haionekani, mgonjwa anaambiwa hana. Dawa yake ipo na ni fedha: unamiminia chumvi ya fedha na kemikali ya kuitoa fedha kwenye chumvi hiyo, fedha inajijenga juu ya kila chembe ya dhahabu, inanenepa, mstari unakuwa mweusi unaoonekana. Warumi nao walichanganya zote mbili kwenye kile kikombe cha kioo kinachoitwa cha Lycurgus, cha karne ya 4, kijani ukikitazama, chekundu taa ikiwa ndani. Ila hiyo ni hatua moja zaidi na kichupa kimoja zaidi, na muuguzi yuko peke yake, foleni imefika nje kwenye mwembe.