Mchawi Gani Anavaa Kofia?

Ndugu zangu, mtu unalipa ada, unalipa hela ya chakula, unalipa hela ya basi la shule ambalo mtaani kwenu halifiki, halafu Jumatano jioni mtoto anakuletea karatasi: "Ijumaa ni Siku ya Vitabu. Kila mwanafunzi aje amevaa kama mhusika anayempenda." Ijumaa! Mshahara wenyewe bado uko njiani. Nikamuuliza binti yangu, haya mama, wewe unampenda nani? Moyoni naomba aseme Sungura, nikate masikio mawili ya boksi, tulale. Akasema mchawi.

Tena si mchawi wa huku. Anamtaka yule wa kizungu wa kwenye katuni, mwenye joho na likofia jeusi refu lenye ncha, ukingo wake unaweza kuanikia dagaa. Nikamwambia nyumba hii tunasali. Akanijibu, "Baba, huyu ni mchawi mzuri." Sijui siku hizi wanafundishwa nini.

Mama mkwe alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita, alikuja kutoka Tanga kuangaliwa mguu. Akausikiliza mjadala wote bila kuinua macho, kisha akauliza, "Mchawi gani anavaa kofia?"

Nikasema wa Ulaya, mama.

"Mchawi anatoka saa nane za usiku, hana hata uzi mwilini, kapanda ungo." Hapo akautikisa ule ungo, pumba zikaruka, mimi nikarudi nyuma hatua moja, kwa heshima. "Sasa avae likofia refu ili nani amwone? Mchawi hatembei na bendera, baba."

Mtu wa Tanga akizungumzia mambo hayo mimi huwa sibishi. Lakini swali likanikaa. Kazi ya siri kuliko zote duniani, sare yake inaonekana kutoka ng'ambo ya pili ya barabara! Watoto walipolala nikachoma bando lote la wiki kutafuta jibu, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba mama mkwe yuko sahihi hata kwa Wazungu.

Mwaka 1510 kuna msanii wa Kijerumani, Hans Baldung, alichonga ubao na kupiga chapa picha ya wachawi wako kazini usiku. Hawana nguo. Nywele zimefumuka. Kuna chungu kinafoka, paka yupo, na juu angani kuna mmoja kapanda mbuzi kinyumenyume, anatazama alikotoka. Kofia hakuna hata ya dawa. Albrecht Dürer naye, miaka michache nyuma yake, alichora bibi kizee juu ya mbuzi, vilevile kinyumenyume, vilevile kichwa wazi. Mbuzi nimemwelewa. Kwa bei ya mbuzi ya sasa, mwenye kuweza kumfanya usafiri wa usiku lazima awe na nguvu fulani. Ila kofia walikuwa hawaijui.

Sasa imetoka wapi?

Imetoka kwa watu wa kawaida kabisa, hilo ndilo lililoniudhi. Karne ya 17 Waingereza walivaa kofia ndefu zenye ukingo mpana, wanaume kwa wanawake, watu na heshima zao, wanakwenda nazo kanisani. Fasheni ikapita. Mjini wakaziacha, vijijini wazee wakaendelea nazo, maana kofia bado nzima, unaitupia nini? Basi wapiga chapa wa London wakawa wanauza vijitabu vya bei rahisi vya hadithi za wachawi, na kwenye kimoja cha mwaka 1720 utawaona tayari: wachawi, na kofia zao zenye ncha. Mchoraji ana kipande kidogo cha ubao, wino mweusi tu, na anatakiwa kuchora bibi kizee mchawi. Bibi kizee mchawi na bibi kizee asiye mchawi wanafanana kila kitu. Afanye nini? Akamtwisha kofia ya zamani, akailaza ncha vizuri, akalipwa, akaenda zake kunywa bia.

Kwa hiyo kosa la bibi wa watu lilikuwa kuvaa nguo iliyopitwa na wakati! Mimi nina koti la harusi la mwaka 1998, mabega yake yanapita mlangoni kwa zamu. Nalivaa mpaka leo kwenye misiba na vikao. Nani ananihakikishia kwamba miaka mia mbili ijayo watoto wa shule hawatavalishwa koti langu siku ya kuigiza majini?

Na ile kofia ilipoanza kukolea kwenye picha, kesi zenyewe zilikuwa zinakata roho. Mwaka 1735 Bunge la Uingereza lilifuta sheria ya kumshtaki mtu kwa uchawi, likaweka badala yake adhabu kwa anayejidai kuwa nao. Anayejidai! Yaani pale London binti yangu na kofia yake angekamatwa, mchawi wa mama mkwe angepita anakwenda zake.

Nikadhani nimemaliza, nikataka kulala. Kumbe kofia ndefu ina ukoo mrefu kuliko huo, na huko nyuma walioivaa ni vigogo. Makumbusho ya Berlin wanayo moja ya dhahabu, sentimita 74 na ushee kwenda juu, gramu 490. Imefuliwa kwa nyundo kutoka kipande kimoja, haina kiungo popote, imejaa mihuri ya miduara chini mpaka juu, na wapo wataalamu wanaosema miduara hiyo ni kalenda ya jua na mwezi. Umri wake unakaribia miaka elfu tatu. Zinajulikana nne za aina hiyo, tatu ziko Ujerumani na moja Ufaransa. Ile ya Schifferstadt ilifukuliwa shambani mwaka 1835. Wanahisi zilikuwa za makuhani. Nusu kilo ya dhahabu kichwani, jamani. Apite nayo Kariakoo saa kumi na mbili jioni, tuone kalenda yake itamwambia nini.

Halafu kuna Behistun, Iran. Mfalme Dario wa Uajemi ya kale alichongesha kwenye mwamba foleni ya wakubwa waliomwasi, wamefungwa kamba shingoni, mikono nyuma. Wa mwisho kwenye foleni ni Skunkha, mkuu wa Wasaka, wafugaji wa kuhamahama wa Asia ya Kati, na kichwani bado ana kofia yake ya ncha, imesimama wima. Jamaa kashindwa vita, kafungwa, yuko mwisho wa foleni, kofia haijapinda. Hata Mamajusi, wale waliomfuata Yesu mtoto kwa nyota, wachoraji wa Kikristo wa mwanzo waliwavika kofia za mashariki zenye ncha iliyolalia mbele. Ilikuwa namna ya kumwonyesha mtazamaji: hawa wametoka mbali, wanajua kusoma nyota. Sasa ukiwaona wachawi wanaume wa hadithi, wale wazee wa ndevu na makofia yenye nyota, unajua nyota hizo hazikuokotwa barabarani.

Lakini Hispania ndiyo iliyonikata maini. Kule mahakama ya dini ya Wakatoliki, Inkwizisheni, ikimkuta mtu na hatia, wakiwemo waliosingiziwa uchawi, alivikwa kofia ndefu ya ncha, imechorwachorwa, anapitishwa nayo mbele za watu wamzomee. Waliiita coroza. Na ilitengenezwa kwa nini? Kwa karatasi. Mwishoni mwa karne ya 18 Francisco Goya akachora wachawi wakiwa hewani na makofia ya namna hiyo hiyo. Na wasio wachawi pia yaliwafika: baada ya Baraza la Lateran, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, la mwaka 1215 kuagiza Wayahudi wavae kitu cha kuwatofautisha, katika nchi za Wajerumani kofia ya ncha ikawa alama yao. Hapo hata mimi niliyezoea utani niliiweka simu chini kidogo.

Shule za Uingereza nazo hazikubaki nyuma. Mtoto mzito wa hesabu alisimamishwa kwenye kona na kofia ya karatasi yenye ncha. Ukienda Sevilla, kule kule Hispania, Wiki Takatifu utakuta waumini wa toba wanaivaa kwa hiari yao, imeshuka mpaka imefunika uso. Kuhani anang'ara nayo, mfungwa anazomewa nayo, mjinga anasimama nayo kwenye kona, mtubu anajificha ndani yake. Umbo ni lile lile! Mimi naona kofia ile haina dini wala kabila. Kazi yake ni moja, macho ya watu yakuangukie wewe, uwe umetaka au hukutaka. Ndiyo maana nasema mama mkwe kawashinda maprofesa. Mwenye uchawi wake hataki macho. Anayetaka macho ni mchoraji, ni mahakama, ni mfalme. Na mwalimu wa Siku ya Vitabu.

Basi Alhamisi nikaingia kazini. Manila nyeusi duka la kwanza imekwisha, la pili wanayo ya bluu, la tatu ipo ila muuzaji kaniangalia usoni, kaona mzazi mwenye haraka, kanipangia bei ya mzazi mwenye haraka. Na wengi hawajui hili: kofia ya ncha haikatwi kwa pembetatu. Unachukua uzi, unafunga penseli, unachora kipande cha duara, ndicho unachokikunja mpaka kingo zikutane, unabana kwa stepla. Chini unachana vijimeno, unavikunja nje, unavigandisha kwenye ukingo uliotobolewa katikati. Nikaisimamisha mezani saa tano usiku. Kofia safi, imenyooka, Skunkha angeiomba.

Ila Dar es Salaam ina unyevu wake. Alfajiri nikasikia sauti, tak, tak, pini za stepla zinaachia moja moja, manila inataka kurudi ilivyokuwa dukani. Mke wangu akaishona kwa sindano ya kushonea magunia, akaweka na lastiki ya chini ya kidevu, huku anasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Sasa tupande daladala nayo. Rangi Tatu asubuhi mnaijua. Mtu mwenye kichwa cha kawaida hapati pa kukiweka, mimi nina mtoto na kofia. Ukiielekeza juu inagonga bomba la kushikilia. Ukiilaza, ncha inamwingia mtu sikioni. Nikaishika kifuani, mama mmoja akaniambia, "Kaka, hiyo ncha yako." Konda akaitazama akasema nauli ya watu wawili na mzigo. Nikamwambia mzigo gani, hii ni karatasi! Akasema karatasi hulala, hii imesimama. Wale vigogo wa dhahabu, hapana, hawakupanda gari na mtu. Kofia ya namna ile ni ya mtu anayepishwa.

Tukashuka Mtongani, nikamvika getini, nikamfunga lastiki, nikamnyoosha ukingo. Kapendeza, nisiseme uongo. Nusu ya darasa lake walikuwa wachawi, wengi na kofia za kununua, fupi, zimelegea, ncha imeanguka pembeni. Ya kwangu ilizipita zote. Nilikuwa natafuta mzazi wa kumwonyesha hilo.

Mwalimu wa zamu akaja. Akamtazama binti yangu, akatazama juu, akatazama tena juu. "Mzazi, imependeza sana. Lakini ukumbini wa nyuma hawataona jukwaa. Aivue, uondoke nayo."

Niondoke nayo! Kofia iliyotengenezwa ionekane inakataliwa kwa sababu inaonekana. Nikataka kumweleza habari za mwaka 1720, nikaona saa, nimeshachelewa kazini. Binti akanipa kofia, akakimbilia wenzake, hata kuaga hakuna.

Nikarudi kituoni, mtu mzima, shati nimechomekea, na kofia ya mchawi mkononi. Daladala ikaja imejaa. Konda, Mungu hakosi kuwa na mipango yake, ni yule yule wa mwanzo. Akaangalia ile kofia, akaangalia pembeni yangu, akauliza kwa sauti ya gari zima, "Mzee, mchawi mwenyewe yuko wapi?"

Nikamjibu, "Kashatangulia."

Pale mbele kulikuwa na kijana kakaa siti ya watu wawili na begi lake. Akainuka. Akasema anashuka kituo kinachofuata, na kweli akashuka, ingawa nilimwona anasimama pale pale barabarani kungoja gari jingine. Nikakaa. Kofia nikaiweka dirishani. Watu wamening'inia mlangoni, jasho linawatoka, na kutoka hapo mpaka Kariakoo hakuna aliyekuja kukaa pembeni yangu.