Leseni ya urubani ya nje: kinachorudiwa na kinachosahauliwa

Kijana akirudi Tanzania na leseni ya urubani wa biashara aliyoipata Florida au Afrika Kusini, mabishano huwa yaleyale. Wapo wanaouliza: kama alifaulu huko, kwa nini aanze tena mitihani, vipimo vya afya na kuruka na mtahini? Wengine hujibu kwamba roho za abiria si za kujaribia, na anayekwepa mtihani ana la kuficha. Jibu hili la pili ndilo linaloshangiliwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Wengi wa wanaolalamika hawakatai kupimwa. Wanacholalamikia ni kuulizwa walichokwisha kukijibu, huku wasichokijua kikipitiwa juujuu.

Kisheria mamlaka ya usafiri wa anga haina kosa. Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, kifungu cha 32, unataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Kwa hiyo ndege yenye usajili wa 5H inahitaji karatasi ya Tanzania, hata kama rubani wake ana saa elfu kumi angani. Kifungu hichohicho kinairuhusu nchi kuikataa, kwa safari za ndani ya anga lake, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine.

Na hofu ya vyeti vya uongo si ya kubuni. Juni 2020 waziri wa usafiri wa anga wa Pakistani aliliambia bunge kwamba marubani 262 kati ya 860 walikuwa na leseni za kutiliwa shaka, wengine wakidaiwa kufanyiwa mitihani na watu wengine. Siku chache baadaye Ulaya ililifungia shirika la ndege la nchi hiyo. Mfano huu hutajwa sana na wanaotaka masharti yakazwe, lakini wachache huutazama hadi mwisho. Tuhuma zile hazikuhusu leseni zilizoletwa kutoka nje. Zilihusu mitihani iliyofanyiwa nyumbani, chini ya mamlaka ya nyumbani. Kurundika mitihani mingine juu yake kusingeziba tundu hilo. Dawa ya cheti cha uongo ni mamlaka kuiandikia mamlaka iliyokitoa na kupata jibu.

Hoja nzito zaidi ya wanaotaka masharti yakazwe iko Arusha. Uwanja ule uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi joto 28, hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba ndege hupanda kana kwamba iko mita 2,200. Aliyezoea viwanja vya Florida, ambako njia ya kurukia iko mita chache tu juu ya bahari, anaweza kuwa na saa 250 kitabuni na asijue inavyokuwa Cessna ndogo iliyojaa mafuta na watu ikikataa kuacha lami. Halafu kuna mambo madogo yanayoua: Marekani shinikizo la hewa, ambalo rubani huliweka kwenye altimita (chombo kinachoonyesha urefu wa ndege angani), husomwa kwa inchi za zebaki, 29.92, wakati huku mnara unakupa hektopaskali, 1013. Kule altimita hurudishwa kwenye kipimo cha kawaida ndege ikifika futi 18,000, huku ni chini ya hapo, tena hutofautiana uwanja hadi uwanja.

Haya yote ni ya kweli, na mtu ayajue kabla hajapakia watalii. Ila hayajulikani kwa maswali ya kuchagua kuhusu jinsi bawa linavyoinua ndege. Bawa linainua vilevile popote. Arusha inafundishwa Arusha, mkufunzi akiwa kiti cha pembeni.

Wakati huohuo ujuzi unachakaa, na hapa ndipo mjadala wetu unaponichosha. Kwa kanuni za Marekani, rubani asiyetua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria. Asiyefanya mikaribio sita kwa vyombo, yaani kuukaribia uwanja kwa kusoma vyombo bila kutegemea kuona nje, ndani ya miezi sita hawezi kuruka mawinguni. Kila baada ya miezi 24 anatakiwa kupitiwa na mkufunzi mwenye leseni yao, ambaye mara nyingi hayupo hata mkoa wa jirani. Sasa mweke kijana huyo nyumbani akisubiri barua ya uthibitisho, kisha kikao cha mtihani, kisha nafasi ya mtahini. Ndege ya mafunzo hukodishwa kwa saa, na bei yake huhesabiwa kwa dola, kwa hiyo harushi. Aliyetua akiwa moto anafika mbele ya mtahini akiwa amepoa. Mfumo uliowekwa kulinda usalama umemfanya awe rubani hafifu kuliko siku aliyoshuka uwanjani na begi lake, na akishindwa tutasema tuliwaambia kwamba vyuo vya nje ni vya mkato.

Rubani mgeni mwenye uzoefu hapiti mlango huo. Shirika linalomhitaji kwa ndege kubwa humwombea idhini ya muda juu ya leseni yake ya nje, jambo ambalo kanuni za kimataifa zinaliruhusu, na ni haki yao kuziba pengo la makapteni. Kijana wa saa 250 hana shirika la kumwombea.

Hata wakubwa wanabanana hivihivi. Rubani wa Uingereza aliyelala Desemba 31, 2020 na leseni inayotambulika Ulaya nzima aliamka kesho yake akihesabiwa mtu wa nchi ya tatu, kwa kuwa nchi yake ilikuwa imetoka kwenye mfumo wa Ulaya, bila yeye kusahau chochote usiku ule.

Kwetu nyenzo zipo. CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioko Entebbe, umefanya kazi ya kulinganisha kanuni za nchi wanachama. Kazi ya aina hiyohiyo inaweza kufanyiwa mitaala ya Marekani na Afrika Kusini: somo kwa somo, lipi linafanana na letu, lipi halifanani. Sheria za anga zetu atahiniwe, hali ya hewa ya masika atahiniwe, kuruka na mtahini kubaki palepale. Barua ya uthibitisho iwekewe siku za mwisho. Na wakati anasubiri, aruhusiwe kuruka na mkufunzi wa hapa kwa saa zitakazohesabiwa, zikiwemo za adhuhuri pale Arusha.