Si 29, Si 31

Mtu akikuambia amenunua kadi ya grafiki "kwa ajili ya kazi", mtazame macho. Mimi nilimwambia mke wangu maneno hayo hayo nikitazama ukuta.

Kadi yenyewe, ile inayochora picha kwenye skrini, ilikuwa GTX 1660 Super ya mtumba, shilingi 18,000 taslimu, kwenye kibanda kimoja cha ghorofani pale barabara ya Luthuli, Nairobi. Gigabaiti 6 za kumbukumbu, feni mbili, na vumbi la mwenyewe wa kwanza nikapewa bure. Ilikuwa inakuja kumpumzisha mzee GTX 1050 Ti, kadi nyonge ya wati 75 ambayo hata waya wake wa stima haikuhitaji, iliyonivumilia tangu nikiwa kapera.

Niseme pia kwamba kompyuta yangu ilikuwa chini ya uangalizi nyumbani. Mwezi wa nne mama mkwe alitutembelea kutoka Murang'a, na usiku mmoja tokeni za stima zikaisha akiwa katikati ya kipindi chake, dakika tano baada ya mimi kuinuka kwenye mchezo wa GTA V. Hakusema neno. Gizani nilimsikia akipumua tu. Usiku ule niliapa mambo mengi.

Basi, Jumamosi moja ya Julai, baridi ile ya Nairobi ya kuvaa soksi mbili mbili, nikafungua sipiyu, yaani sanduku la kompyuta, nikang'oa kadi ya zamani na kuchomeka mpya. Draiva, ile programu inayoiendesha kadi, ilikuwa ile ile, kompyuta ikamtambua mgeni bila kuuliza kitambulisho. Nikawasha mchezo. Namba ya kijani pembeni mwa skrini ikasema: fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 kila sekunde.

Thelathini! Si hiyo ndiyo mzee alikuwa akinipa bure? Miezi yote hiyo nilikuwa namlaumu kwa uzee wake.

Mtu mwenye akili angekaa chini akajiuliza. Mimi nikaamua kuiovakloki, yaani kuilazimisha kadi ikimbie kuliko kiwanda kilivyoagiza. Nikafungua programu ya MSI Afterburner, nikasukuma mwendo wa kadi megahezi 100 mbele. Fremu 30. Nikaenda 150. Fremu 30. Nikaenda 200, picha ikaganda, skrini ikawa nyeusi, mchezo ukajifunga wenyewe kwa aibu. Nikarudi 150, nikahamia kwenye kumbukumbu, nikaipandisha mpaka magari yote ya mjini yakaota madoadoa ya rangi kama watoto wenye surua. Nikashusha kidogo.

Fremu 30. Si 29, si 31.

Kilichonitia wazimu ni kwamba kila nilipoipandisha, yenyewe ilishuka. Kadi hii imeandikiwa kufika megahezi 1,785, na mimi nilikuwa nimeiongezea juu ya hapo. Lakini mchezo ukiendelea, kipimo kilionyesha inatembea kwenye elfu moja na kitu, imetumia asilimia 35 ya uwezo wake, joto nyuzi 48. Ni kama mfanyakazi uliyemwongezea mshahara akaanza kuja kazini saa nne.

Kadi ikichemka sana hujipunguzia mwendo, hilo nilikuwa nalijua. Nyuzi 48 si kuchemka, hata uji unazishinda hizo. Lakini nilishaamua ni joto, kwa hiyo nikahitimisha kwamba kipimo ni kiongo. Nikabandua ubavu wa sipiyu, nikaisogeza dirishani, nikafungua dirisha lote.

Mke wangu akatokea amejifunika blanketi mpaka puani. "Baba Watoto, tunapoza nini hapa? Kuna maiti?"

Jumapili asubuhi nikaikumbatia sipiyu hadi mjini kwa fundi ninayemwamini. Aliitazama kama daktari anayetazama mgonjwa bila kumgusa. "Mkubwa, hii ni njaa ya stima. Hii kadi inataka wati 125 peke yake. Pawa saplai yako ni ya kupikia chai." Hakuiwasha hata kidogo. Na mimi, kwa kuwa aliongea kwa uhakika, nikatoa 5,500 za pawa saplai ya wati 550. Nikiri kwamba fundi anayeongea kwa uhakika hunimaliza kabisa. Ndivyo nilivyouziwa pia jiko lililoko chini ya kitanda.

Kurudi, kondakta wa matatu ya Thika Road akanyoosha kidole kwenye sipiyu iliyokaa kando yangu. "Huyo amekalia kiti. Huyo analipa." Nikamlipia. Tukashuka Roysambu wawili, abiria halali.

Nyumbani: fremu 30.

Jioni hiyo nilikuwa nimefika hatua ya kuipuliza kadi kwa mdomo. Mke wangu akaniletea chai, akasimama nyuma yangu, jambo ambalo hafanyi kwa kawaida.

"Hiyo thelathini ya kijani ni ya nini?"

"Ni fremu, mama. Ndiyo shida yenyewe. Haitaki kupita hapo."

"Si hiyo ni thelathini ya mama?"

"Mama gani?"

"Mama yangu! Ule usiku wa tokeni. Stima iliporudi ulimwita hapa, ukamwonyesha kwa kidole: 'Mama, tazama, nimeifunga kwa thelathini, hata iwe nini haitapita, sasa haitakula stima.' Akakubariki. Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa."

Chai ikanipalia.

Nikafungua ukurasa wa draiva, ule ambao sikuwa nimeukanyaga tangu usiku wa kiapo. Kiwango cha juu cha fremu: 30. Niliiweka mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi wawili, na ilikaa kwenye draiva ikingojea kwa uaminifu kadi yoyote ambayo ningeileta. Kadi ilikuwa inamaliza fremu zake thelathini mapema, kisha inajipumzisha. Ningeipa hata megahezi za kwenda mwezini, ingezitumia kulala.

Nikaondoa kufuli. Namba ikaruka: 71, 96, 118. Magari yakateleza kama yamepakwa mafuta. Feni zote mbili zikaamka na kuunguruma kwa mara ya kwanza tangu nizinunue, nami nikapiga kelele ambayo jirani wa chini aliijibu kwa ufagio.

Ndipo kule karibu na mlango kile kidude cha mita kikaanza kulia, pii, pii, taa nyekundu.

Nikageuka. Mke wangu alikuwa tayari ana simu sikioni.

"Haloo, Mama? Umelala? Hapana, tuko salama. Ni huyu mtoto wako."