Dunlop, Thomson na Waya wa Welch: Haki ya Mvumbuzi Imo Katika Madai Yake

Ukiuliza ni nani aliyevumbua tairi la upepo, utajibiwa upesi kwamba ni John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama wa Belfast, na mara nyingi utaongezewa habari za mwanawe mdogo na baiskeli yake ya magurudumu matatu. Habari hizo ni za kweli, lakini hazilijibu swali. Ninaamini kwamba mitambo iliyobuniwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Malkia Victoria haiwezi kueleweka kwa visa vya watu peke yake. Ni lazima zisomwe hataza zenyewe, yaani hati za serikali zinazompa mvumbuzi haki ya kuutumia uvumbuzi wake peke yake kwa muda, na ndani ya hataza isomwe ile sehemu ya mwisho ambayo wasomaji wengi huiruka, yaani madai. Hapo ndipo mvumbuzi alipolazimika kusema, mbele ya sheria na mbele ya washindani wake, kipi hasa ni chake na kipi alikikuta kwa waliomtangulia. Kwa kipimo hicho, tairi la baiskeli tunalolijua leo lina deni kubwa zaidi kwa Charles Kingston Welch, ambaye hutajwa kwa nadra, kuliko kwa Dunlop, ambaye jina lake limepigwa chapa ubavuni mwa matairi duniani kote.

Hadi katikati ya karne ya 19, mtu aliyetaka hataza ya kumlinda katika England, Scotland na Ireland alitumia zaidi ya pauni 300, fedha ambazo fundi wa kawaida hakuwa na njia ya kuzipata. Sheria ya 1852 ilianzisha ofisi moja na kuteremsha ada ya kuanzia hadi pauni 25. Sheria ya 1883 iliiteremsha tena hadi pauni 4, ingawa ada nzito za kuidumisha hataza katika miaka ya baadaye zilibaki. Milango ikafunguka: maombi yalipanda kutoka takriban 6,000 mwaka 1883 hadi zaidi ya 17,000 mwaka 1884. Sheria hiyohiyo iliamuru kwamba maelezo kamili ya kila uvumbuzi yamalizikie kwa tamko bayana la kile kinachodaiwa. Kabla ya hapo kuandika madai kulikuwa desturi ya wenye mawakili wazuri. Sasa likawa sharti la kila mwombaji. Mimi nalihesabu sharti hilo kuwa jambo jema kuliko yote yaliyomo katika sheria ile, kwa sababu lilimlazimisha mvumbuzi kujiwekea mipaka kwa kalamu yake mwenyewe. Aliyedai kidogo mno aliwaachia wenzake nafasi ya kupita pembeni yake, na aliyedai mno alihatarisha hataza nzima, kwani mahakama za wakati huo ziliweza kuibatilisha yote kwa ajili ya dai moja lisilosimama.

Pengo la sheria hiyo lilikuwa mahali pengine. Ofisi ya Hataza ilikuwa na wakaguzi, lakini kazi yao ilikuwa kuangalia kama maelezo yameandikwa sawasawa na kama kichwa chake kinalingana na yaliyomo. Kama uvumbuzi wenyewe ulikuwa mpya au la, hilo halikuwahusu. Ofisi ilipokea ada, ikapiga muhuri, na kumwacha mwenye hataza aje kuujua ukweli mahakamani au kwa barua ya mshindani.

Robert William Thomson, Mskoti mzaliwa wa Stonehaven, alipata hataza yake mwezi Desemba 1845, akiwa na umri wa miaka 23. Dai lake lilikuwa pana: kuyazungushia magurudumu ya magari mkanda wenye mnepo, ili nguvu ya kuyavuta ipungue, mwendo wake uwe laini na kelele zake zipungue. Mkanda wenyewe ulikuwa mrija wa turubai lililoloweshwa mpira, ukajazwa hewa na kufunikwa kwa ngozi nene iliyofungwa kwenye gurudumu kwa bolti. Wala hayakuwa mawazo ya karatasini tu. Mwaka 1847 magari ya farasi yenye magurudumu hayo yalijaribiwa katika bustani ya Regent's Park jijini London, na yalitembea vizuri. Kilichokosekana kilikuwa soko. Mpira uliopikwa kwa salfa ulikuwa bidhaa changa na ya bei ghali, baiskeli za pedali zilikuwa hazijaenea, na magari ya petroli yalikuwa bado kuzaliwa. Thomson mwenyewe aliuacha mkanda wa hewa. Mwaka 1867 alipotengeneza gari lake la mvuke la kuvuta mizigo barabarani, aliyavisha magurudumu mpira mgumu usio na hewa. Alifariki mwaka 1873, hataza yake ikiwa imekwisha muda zamani.

Sasa tumwendee Dunlop, ambaye ninamheshimu sana kama mtu wa majaribio. Alichukua duara la ubao, akalizungushia mrija mwembamba wa mpira, akaubana mrija huo kwa kitambaa kilichopigiliwa misumari pembeni, kisha akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Akalivingirisha duara hilo uani, halafu akalivingirisha gurudumu la baiskeli ya mwanawe lililokuwa na mpira mgumu. La pili lilianguka njiani, na la upepo lilikwenda hadi mwisho wa ua, likagonga lango na kurudi. Hakuna hotuba inayoweza kueleza faida ya hewa kwa uwazi kama huo. Aliomba hataza mwezi Julai 1888, na kufikia Desemba alikuwa nayo. Mwaka uliofuata Willie Hume alishinda mashindano ya baiskeli mjini Belfast akiwa juu ya matairi hayo, na miongoni mwa walioshindwa walikuwamo watoto wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin. Baba yao aliona, akaelewa, na kampuni ikaundwa mwaka huohuo wa 1889.

Mwaka 1890 kampuni ilifahamishwa kwamba hataza ya Dunlop haiwezi kusimama, kwa kuwa Thomson alikwisha kulisema jambo hilo miaka mingi nyuma. Wapo wanaomwonea Dunlop huruma kwa sababu hakuwa amesikia habari za Thomson. Nakubali kwamba hakuwa amezisikia, na bado naona kwamba hukumu ya sheria ilikuwa ya haki. Hataza haikuwa tuzo ya jasho. Ilikuwa mapatano kati ya mvumbuzi na umma: yeye anaufundisha umma jambo usilolijua, nao unamwachia alitumie peke yake kwa miaka 14. Umma wa Uingereza ulikuwa umekwisha kufundishwa tairi la hewa mwaka 1845, na ulikuwa umekwisha kulilipia kwa kumpa Thomson muda wake. Kumpa Dunlop muda mwingine kungekuwa kuutoza umma mara mbili kwa somo lilelile, na kila fundi wa Coventry au Birmingham aliyetaka kutengeneza tairi angelipa kwa kosa lisilo lake.

Lawama yangu naielekeza kwenye Ofisi. Maelezo ya Thomson hayakuwa yamefichwa kabatini. Katika miaka ya 1850 Bennet Woodcroft, mtumishi wa umma ambaye kwa maoni yangu anastahili kukumbukwa kuliko wavumbuzi wengi, alisimamia uchapishaji wa hataza zote za zamani tangu 1617 pamoja na faharasa zake, na maktaba ya Ofisi ilifunguliwa kwa yeyote aliyetaka kusoma. Sheria iliyokuja kuagiza upekuzi, yaani kuangalia katika hataza za zamani kama uvumbuzi ni mpya, ilipitishwa mwaka 1902, na upekuzi wenyewe ukaanza mwaka 1905, ukihusu hataza za Uingereza za miaka 50 iliyotangulia. Kati ya Thomson na Dunlop ilikuwa imepita miaka 43 tu. Karani mmoja mwenye kanuni hiyo mkononi angeweza kumwokoa daktari yule, na wawekezaji wake pia, kabla senti haijatoka mfukoni.

Kampuni haikufa, na sababu ya kunusurika kwake ndiyo kiini cha makala haya. Tairi la Dunlop liligandishwa kwenye ringi kwa gundi na kuviringiwa turubai, hivyo pancha ilipotokea ilibidi kubandua, kuziba, kisha kugandisha upya, kazi ya kumchosha mtu aliyekwama njiani. Mwezi Septemba 1890 Welch aliomba hataza ya kitu kilichoonekana kidogo. Katika kila ukingo wa tairi alitia waya usiovutika, uliofungwa kuwa duara kamili, lenye kipenyo kidogo kuliko mdomo wa ringi. Kwa hiyo ukivuta pande zote kwa pamoja, tairi halitoki. Ringi nayo aliichimbia mfereji katikati. Ukiusukuma upande mmoja wa waya uzame mferejini, upande wa pili unapata nafasi ya kuuvuka mdomo wa ringi, na tairi linavuliwa bila kukatwa wala kubanduliwa. Likirudishwa na tyubu ikajazwa upepo, mfereji unajaa, waya unapanda mahali pake, na njia ya kutokea inakuwa imefungwa. Fundi baiskeli wa Tabora au Kisumu anayelikandamiza tairi kwa viganja kuzunguka ringi kabla ya kuchomeka kipande cha chuma cha kulitolea, anatekeleza madai ya Welch hatua kwa hatua.

Wiki chache baadaye, mwezi Oktoba, William Bartlett, Mmarekani aliyefanya kazi katika kiwanda cha mpira cha North British mjini Edinburgh, aliomba hataza ya njia nyingine: kingo za tairi zilifanywa nene, zikanasa chini ya midomo ya ringi iliyokunjwa ndani, na msukumo wa upepo wenyewe ndio uliozikaza. Kampuni ya du Cros ilizinunua haki hizo, na ikaongeza valvu ya Charles Woods, iliyomwezesha mpanda baiskeli kujaza upepo kwa urahisi. Ulinzi wa kampuni mahakamani ukasimama juu ya waya, ukingo na valvu, ilhali wazo kubwa la kukaa juu ya hewa likabaki mali ya kila mtu. Mimi naona huo ulikuwa mgawanyo wa haki ulio sahihi kabisa, hata kama hauwafurahishi wapenzi wa mashujaa.

Madai yaliyoandikwa hujitenga hata na mtu aliyeyaandika. Mhandisi Charles Parsons alipata hataza za turbini ya mvuke, mtambo ambao mvuke huuzungusha kwa kusukuma mapanga yake, mwaka 1884 akiwa mshirika katika kampuni ya Clarke, Chapman ya Gateshead. Alipoachana na wenzake mwaka 1889, hataza zilibaki kwao. Kwa miaka mitano mtu aliyebuni turbini ambamo mvuke hupita sambamba na mhimili alizuiwa kuitengeneza, akalazimika kubuni nyingine ambamo mvuke hutoka katikati kuelekea nje. Alirudishiwa haki zake mwaka 1894, na mwaka 1897 chombo chake Turbinia kikazipita kwa kasi meli za kivita zilizojipanga Spithead, bahari ya kusini mwa England. Wakuu wa serikali walitambua kwamba alikuwa amepoteza miaka ya thamani, na mwaka 1898 hataza yake iliongezewa miaka 5. Nyongeza hiyo naiunga mkono bila kusita.

Nisichokiunga mkono ni yale yaliyotendwa na wafanyabiashara wa hisa. Mwaka 1896 Ernest Terah Hooley aliinunua kampuni ya matairi kwa pauni milioni 3, akaiuza kwa umma kwa pauni milioni 5. Hakuongeza waya, hakuongeza valvu. Aliuza tumaini la kwamba madai ya Welch na Bartlett yangeendelea kuwatoza wapanda baiskeli hadi mwaka 1904, na kufikia 1898 yeye mwenyewe alikuwa amefilisika.

Kiu hiyo ya mpira iligusa pia bara letu. Sehemu kubwa ya mpira wa dunia ilitoka Brazil, lakini katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wanakijiji walilazimishwa kugema utomvu wa mitambaazi ya msituni kwa viwango visivyofikika, wake zao wakashikwa mateka, na wengi wakauawa au kukatwa mikono. Taarifa ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, kuhusu ukatili huo ilichapishwa mwaka 1904, mwaka uleule ambao hataza za Welch na Bartlett zilikuwa zinamaliza miaka yake 14. Simtwiki Welch damu hiyo. Waya wake ulikuwa kazi halali ya akili, na sheria haikumtaka aeleze mpira unatoka wapi. Lakini sisi tunaoandika habari za tairi baada ya zaidi ya karne moja hatuna udhuru wa kuanzia uani kwa Dunlop na kuishia kwenye mashindano ya Belfast.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wanaoandaa vitabu vya sayansi na historia kwa Kiswahili. Dunlop abaki, kwa sababu jaribio lake la duara la ubao mwanafunzi anaweza kulirudia mwenyewe. Atanguliwe na Thomson pamoja na mwaka 1845, na baada yake uwekwe mchoro wa ringi ya Welch iliyokatwa ubavu, ukionyesha waya, mfereji na tyubu, ili mwanafunzi aone kwa macho yake kile hasa kilichodaiwa.