Shule ya kitaifa inampa mtoto nini kuelekea chuo kikuu?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitangazwa, wazazi wengi Kenya hutafuta majina yale yale: Alliance, Mang'u, Kenya High. Imani yao ni kwamba mtoto akikosa shule ya kitaifa, chuo kikuu nacho kimempita. Wanasahau kuwa shule hizi kwa miaka mingi zilichukua vinara wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Aliyeingia na alama 420 kati ya 500 alikuwa hodari kabla hajakanyaga lango la shule hizo.

Wanauchumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliupima mchango wa shule yenyewe katika utafiti uliochapishwa 2014. Waliwalinganisha waliopenya kwenye shule za kitaifa kwa alama chache na waliozikosa kwa alama chache, watoto ambao uwezo wao ulikuwa karibu sawa. Walipofika KCSE, tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kwamba shule ya kitaifa ndiyo iliyoongeza alama.

Utafiti huo unanishawishi, ila kwa kiasi. Wengi wa waliokosa walikwenda shule za mkoa, ngazi iliyofuata baada ya zile za kitaifa, ambazo nazo zilikuwa na walimu na vifaa. Hautuambii lolote kuhusu msichana wa shule ya kutwa ya kaunti ndogo yenye mwalimu mmoja wa fizikia, au isiyokuwa naye kabisa. Hapo ndipo nionapo uzito wa hoja ya wazazi. KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, haiulizi ulisoma wapi. Inatazama gredi, na kila kozi ina masomo yake manne ya klasta, yaani yale yanayohesabiwa kumpa mwanafunzi nafasi. Uhandisi unadai fizikia. Shule ikikosa mwalimu au maabara, wanafunzi huliacha somo hilo wanapofika Kidato cha Tatu, na hata wakipata B+ baadaye, mlango wa uhandisi umeshafungwa. Hawakushindwa mtihani, hawakuufanya.

Kwa hiyo swali la kuingia au kutoingia chuo kikuu limepoteza makali. Tangu mitihani ilipodhibitiwa vikali 2016, mwaka ambao watahiniwa 141 tu walipata A nchini kote, nafasi za vyuo zimetosha karibu kila mwenye C+, gredi ya chini kabisa ya kuingia chuo kikuu. Ushindani wenyewe uko kwenye kozi gani, na hapo shule inaamua mengi.

Wapo wanaotaka KUCCPS iwaongezee pointi wanaotoka shule duni. Naielewa huruma hiyo, na nakubali kwamba C+ iliyopatikana bila maabara imegharimu jasho zaidi. Hata hivyo, pointi za ziada hazimfundishi mtu fizikia aliyokosa, naye atakaa darasa moja na waliofanya majaribio miaka minne. Ningependelea fedha ziende kwenye maabara na walimu wa shule za kutwa, badala ya kuzipandisha shule zaidi hadhi ya kitaifa, ambako mzazi hutakiwa kulipa karo ya shilingi 53,554 kwa mwaka.

Jambo hili ni la dharura sasa. Chini ya mtaala mpya, mwanafunzi wa Gredi ya 9 anachagua mkondo wake kabla ya kuingia sekondari pevu, inayoanza Gredi ya 10, na sayansi na teknolojia ni mmoja kati ya mitatu. Shule isiyo na maabara haiwezi kuufundisha ipasavyo. Mtoto aliyepangiwa huko ataikosa kozi ya uhandisi akiwa na miaka kama 15, kabla hajakalia mtihani wowote wa kuingia chuo.