Usiniambie terabaiti, niambie masaa

Kila msimu wa bajeti napigiwa simu na swali ni lile lile, "Fundi, diski za bakapu mwaka huu tuweke terabaiti ngapi?" (bakapu ni nakala ya akiba ya data) na mimi miaka ya mwanzo nilikuwa najibu kweli, nafungua Excel, nachukua ukubwa wa data tuliyonayo, nazidisha mara mbili, natuma, narudi kunywa chai. Saivi sijibu tena. Saivi nauliza kwanza, mfumo wa mauzo ukizima leo saa nne asubuhi mnaweza kukaa masaa mangapi bila kuuza? Wananiona kama nakwepa, ila ndo swali lenyewe, hizo terabaiti zinakuja baadae.

Nimefika hapa kwa kupigwa, sio kwa akili. Kuna kampuni niliwahi kufanya kazi, jina silitaji, wasambazaji wa bidhaa wenye magodauni mikoani. Tarehe 30, uhasibu wanafunga mwezi, kontrola ya diski, kile kifaa kinachoziendesha diski, kwenye seva ya databesi ikafa na ikaondoka na data. Databesi ilikuwa kama terabaiti 3.2. Bakapu ipo, tena ya jana yake usiku, ripoti imejaa kijani tupu. Nikapanda kwa bosi kwa mbwembwe zote, "Shikamoo mzee," "Marahaba, haya niambie," nikamwambia masaa matatu tu mzee mfumo uko hewani. Sikudanganya makusudi, nilipiga hesabu: usiku ilikuwa inaandika MB 300 kwa sekunde, kwahiyo gawanya, masaa matatu. Ilikuwa kama saa tano asubuhi.

Nikashuka nikaanzisha kurudisha data kutoka kwenye bakapu. Kasi ikaanza na 90, ikaenda 60, ikatulia kwenye 45 ikagoma kupanda. Dada wa uhasibu alikuja mara ya kwanza anacheka, "Kaka, leo itarudi kweli?" nikamwambia vumilia dada yangu inakuja. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu hakusema kitu, alisimama mlangoni akaangalia ule mstari wa asilimia kwenye skrini, umeandika 31, akageuka akaondoka. Ilimalizika kesho yake karibu saa moja asubuhi, yaani masaa ishirini kasoro robo, na mimi nimelala kwenye kiti na sweta la mlinzi.

Sasa kwanini iandike kwa 300 isome kwa 45? Kile kisanduku cha bakapu kilikuwa cha aina ya didupu, kile ambacho kikiona kipande cha data kimeshawahi kuingia hakikihifadhi tena, kinaweka alama tu kwamba kipo kule. Nafasi inaokoka kweli kweli. Ila fikiria duka la spea Kariakoo, mzigo ukiingia unatupia kila spea kwenye boksi lake, kazi imekwisha, sasa aje mteja anataka pikipiki nzima, utaanza kutembea boksi kwa boksi, ngazi juu, ngazi chini. Databesi yangu ilikuwa imetawanyika vipande vipande kwenye diski za kuzunguka, na diski ya kuzunguka kitu inachokichukia duniani ni kurukaruka. Kuna wauzaji wanaoweka sehemu ya kutua, bakapu ya siku za karibuni inakaa nzima bila kukatwa alafu ndo inapelekwa kwenye didupu baadae, na mimi saivi ukinijia na didupu isiyo na sehemu hiyo nataka unionyeshe kurudisha, live, mbele yangu, na data yangu sio ya kwako ya maonyesho.

Haya turudi kwenye hizo terabaiti maana najua kuna mtu anazisubiri. Tuseme una TB 20 za data hai. Fulu moja, yaani nakala ya data yote, kila wiki, siku nyingine unachukua mabadiliko tu, na unataka kutunza siku 30. Hapo utakuwa na fulu tano kwa wakati mmoja, hiyo ni TB 100, na mabadiliko ya siku 25, tuseme kila siku inabadilika asilimia 3 yaani GB 600, jumla TB 15. Tayari ni 115 na bosi alikuwa anajua data ni 20. Ukipata mbano wa nusu kwa nusu inashuka mpaka 58 hivi. Alafu data inakua, ikikua asilimia 30 kwa mwaka, baada ya miaka mitatu zile 20 zimeshakuwa karibu 44, kwahiyo 58 yako imekuwa 127 kabla hujaacha nafasi ya kupumulia. Mimi huwa naacha moja ya tano wazi, kwasababu kisanduku kikijaa sana hata kazi ya kufuta bakapu za zamani inakosa pa kuzungukia.

Na hapo kwenye mbano ndo pana uongo mwingi kuliko sehemu yoyote ya hii biashara. Chukua tepu ya LTO-8, aina ya mkanda wa kuhifadhia bakapu, bei unapewa na namba TB 30 kubwa, lakini uwezo wake halisi ni TB 12, hiyo 30 wamechukulia kwamba data yako itabanwa mara mbili na nusu. Video itabanwa? Picha za skana zitabanwa? Hata kidogo. Na databesi iliyofungwa kwa usimbaji, yaani data imevurugwa isisomeke bila ufunguo, haibanwi wala haididupiwi, kwa mashine inaonekana kama mchanga mtupu. Hii nimeiona kwa macho, mtu wa usalama kawasha usimbaji kwenye databesi ijumaa, nia njema kabisa, hakuniambia, na nafasi niliyopigia hesabu ya miezi kumi na nne ikaisha ndani ya wiki sita. Simlaumu sana. Ila toka siku hiyo kwenye karatasi yangu kuna safu inaitwa "nani anaweza kuniharibia hesabu bila kujua" na nazungukia ofisi zao kila robo mwaka nawasalimia, tunaongea mpira, alafu nauliza mna mpango gani.

Siku hizi kuna na hizi bakapu za kufungia, zile zisizofutika mpaka muda wake ufike, kwa ajili ya wale jamaa wa kuteka data. Ziweke, sina ubishi. Ila ujue umejinyima njia ya kutokea, mtu akimwaga TB 5 za video kwenye seva ya faili leo, bakapu yake umefungiwa nayo hizo siku zote, hata uombe vipi. Nafasi ya dharura lazima iwe kubwa kuliko zamani.

Kasi sasa. Hapa watu wanakimbilia kununua. Bakapu inachelewa, nunua diski za kasi. Bado inachelewa, nunua seva. Jamani hesabu ya darasa la saba: gigabiti 1 kwa sekunde kwenye waya ni MB 125, na ukweli wa mtaani ni kama 110. Zile TB 20 kwa MB 110 ni masaa 50. Dirisha lako la usiku, yaani muda ulioruhusiwa kufanya bakapu, ni saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi, masaa kumi. Unahitaji MB 555 kwa sekunde bila kupumzika. Hapo hata uweke diski za dhahabu, swichi yako ya gigabiti moja inakuangalia tu. Ama upandishe njia iwe gigabiti 10, ama uache kubeba fulu kila wiki, ubebe mabadiliko tu na fulu ijengwe hukohuko kwenye kisanduku kutokana na vilivyopo, ingawa hiyo nayo inasugua diski za kisanduku.

Mimi njia yangu ya kutafuta ugonjwa ni kupima kila kipande peke yake. Kwanza kusoma: nasoma data kwenye seva ya chanzo naitupa kusikojulikana, bila kuandika popote, naona inatoa ngapi. Pili waya peke yake, iperf, programu ya kupima kasi ya netiweki, dakika kumi inatosha. Tatu kuandika kwenye kisanduku peke yake, kwa fio, programu ya kupima kasi ya diski. Mara nyingi sana, kuliko watu wanavyodhani, shida inakuwa hiyo ya kwanza, chanzo chenyewe hakitoi, na ulikuwa umeshaanza kuandika barua ya manunuzi. Na kabla ya yote angalia ratiba, kwasababu kila aliyesakinisha kitu kaacha muda uliokuja nacho, unakuta saa nne usiku seva arobaini zinaanza bakapu pamoja, antivairasi nayo inaanza msako, mfumo wa mauzo unatengeneza ripoti za siku, wote wanagombania diski zilezile. Kuna sehemu nilihamisha tu masaa, sikununua hata kebo, dirisha likapungua kwa masaa mawili na nusu.

Kisa cha tepu lazima nikisimulie. Chumba cha seva kidogo, eisii inavuja, chini kuna ndoo ya rangi ya kukinga maji, na pembeni draivu ya LTO-8. Nilikuwa nakaa pale naisikia, inazunguka kidogo, krrrr, inasimama, inarudi nyuma kidogo, kimya, krrrr tena. Nikadhani inakufa. Ilikuwa na njaa tu. Draivu ile inakula MB 360 kwa sekunde na sisi tulikuwa tunailisha 40 kupitia netiweki, ina uwezo wa kupunguza mwendo lakini mpaka kiwango fulani, chini ya hapo lazima isimame, irudi nyuma, ijipange, iondoke upya. Kwa lugha ya kazi wanaita kung'arisha viatu, tepu inakwenda mbele na nyuma kama kitambaa cha mng'arisha viatu pale stendi, inachosha tepu na inachosha draivu. Dawa ilikuwa bakapu ziingie kwanza kwenye diski usiku, asubuhi ndo zimiminwe kutoka diski kwenda tepu moja kwa moja bila kupita netiweki. Ile sauti ikabadilika ikawa vuuuu moja ndefu, nikakaa naisikiliza kama mtu anasikiliza redio.

Watu wanapenda kuniambia hayo ni matatizo ya kwetu sisi tusio na hela. Basi chukua GitLab, kampuni ya nje inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Injinia kachoka, usiku, kafuta folda ya databesi kwenye seva isiyo yenyewe, alivyoshtuka katika kama GB 300 zimebaki 4.5. Njia tano za kulinda data walikuwa nazo na wenyewe waliandika wazi kwamba hakuna iliyokuwa inafanya kazi ya kutegemewa. Ile bakapu ya kila siku ilikuwa inafeli kimya kimya kwasababu programu ya kutoa data ilikuwa toleo la 9.2 na databesi ni 9.6, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti, nakala ya data ilivyokuwa dakika ile, ambayo mtu aliichukua kwa mkono masaa sita nyuma kwa kazi zake nyingine. Watu wakiisimulia hii wanaishia hapo. Mimi ninachokikumbuka ni kilichofuata, kunakili ile data kutoka kwenye mashine za majaribio, zilizowekewa diski za bei rahisi maana ni za majaribio tu, ilikwenda kwa kama megabiti 60 kwa sekunde. Megabiti, sio megabaiti. Huduma ilikaa chini karibu masaa 18, kwa GB 300, data ambayo inaingia kwenye simu ya mtu. Hilo la diski za bei rahisi siku ya kununua liliingia kwenye ripoti kama kubana matumizi, nina uhakika.

Na klaudi, yaani kuhifadhi kwenye seva za kukodi kupitia intaneti, ndo hivyohivyo. Sina shida na klaudi kama nakala ya nje ya jengo, unaihitaji, jengo linaungua. Ila piga hesabu ya kurudi. Databesi ile ya TB 3.2 kwenye laini ya megabiti 100 ni masaa 71, siku tatu, ikiwa laini ni yako peke yako na iko salama. Mwaka 2024 tarehe 12 Mei nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini siku moja na intaneti Tanzania ikawa ya kusuasua siku kadhaa, watu hata ujumbe wa simu ulikuwa unazunguka. Nilikaa najiuliza ni wangapi humu mjini wana bakapu yao moja tu na iko kwenye klaudi huko Ireland.

Kwahiyo saivi nikija kwenye kikao cha bajeti nabeba karatasi moja, safu ya kwanza jina la mfumo, ya pili masaa ambayo wenye mfumo wamekubali kukaa bila huo mfumo, wametia sahihi, ya tatu masaa yaliyotumika kurudisha kweli mara ya mwisho tulipojaribu. Safu ya tatu ikizidi ya pili basi hiyo tofauti ndo ombi langu la hela, siandiki barua ndefu. Mara ya kwanza mkuu wa fedha aliangalia akauliza hizi namba za safu ya tatu umezitoa wapi, nikamwambia mzee nilikaa nikazisubiri.

Mfumo wa mauzo tumeshaufikisha, kurudisha kumetoka masaa 20 kuko kwenye 4 na nusu. Jumamosi hii ni zamu ya seva ya faili, ina ankara za skana milioni 8, kila moja ni kama KB 60 hivi, ukijumlisha haifiki hata GB 500, lakini faili ndogondogo ni balaa kuliko databesi kubwa, kila moja lazima ifunguliwe, ihakikiwe, ifungwe. Ikipita faili moja moja naijua itanilaza pale, kwahiyo nitajaribu pia kurudisha diski nzima kama picha moja, yaani kipande kimoja bila kufungua faili moja moja, nione tofauti. Mama watoto nimeshamwambia chakula changu afunike tu.