Wapanga viti

Mara ya kwanza kualikwa kwenye mkutano wa "kuwasikiliza vijana" nilikuwa na miaka 22. Tulifika alfajiri tukapanga viti, tukafunga bango, tukajaribu kipaza sauti. Wageni rasmi waliingia saa tano. Ikaja hotuba ya kwanza, ya pili, salamu za fulani na za fulani, kisha mshereheshaji akatazama saa yake akatangaza kwamba kwa sababu ya muda yatapokelewa maswali matatu tu. Rafiki yangu alikuwa ameandika lake kwenye karatasi tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Watu wakatawanyika, sisi tukabaki kukusanya viti.

Kila nikisikia mtu mzima akilalama kwamba vijana wa siku hizi hawana habari na siasa, naikumbuka karatasi ile.

Wasiojali wapo, sikatai, na hata wazee wanao wa kwao. Ila wengi ninaowajua mimi walijali kwanza ndipo wakajitoa. Wakati wa kampeni kijana anatafutwa kama lulu: avae fulana, apande gari la matangazo, ajaze uwanja. Kura zikishahesabiwa anaambiwa yeye ni taifa la kesho. Kwa hesabu za Umoja wa Mabunge Duniani za mwaka 2023, wabunge walio chini ya miaka 30 hawafiki 3 katika kila 100, na karibu nusu ya watu wote duniani wako chini ya umri huo. Hiyo kesho inachelewa sana.

Halafu kuna mambo madogo ambayo wachambuzi hawayapendi kwa kuwa hayana mvuto. Kijana anahamahama: leo chuoni, kesho kibaruani, keshokutwa chumba kingine cha kupanga. Daftari la wapiga kura linamtaka atulie mahali pamoja. Mimi mwenyewe uchaguzi wangu wa kwanza ulinipita hivyo. Nilijiandikisha nilikosoma, siku ya kura ikanikuta mbali na bila nauli. Sikususa chochote, lakini kwenye takwimu nimo miongoni mwa wasiojali.

Wachile wana kisa kinachonifikirisha. Zamani kwao kujiandikisha kulikuwa hiari, ila ukishajiandikisha kupiga kura ni lazima, ukikosa faini. Vijana wengi wakapiga hesabu wakaona heri kukaa nje ya daftari kabisa. Mwaka 2012 utaratibu ukageuzwa: kila mwenye sifa akawa anaingizwa daftarini moja kwa moja, na kupiga kura kukawa hiari. Vituo havikufurika. Mwaka uliofuata, duru ya pili ya uchaguzi wa rais haikufikisha hata nusu ya waliomo daftarini. Ukiishia hapo utasema vijana wamelala. Ila mwaka 2011 wanafunzi wa nchi hiyohiyo walikuwa wamejaza barabara kwa miezi wakidai elimu bora isiyo ya kununua, na mmoja wa viongozi wao, Gabriel Boric, aliapishwa kuwa rais Machi 2022 akiwa na miaka 36. Kizazi kilekile kilichohesabiwa kimesusa kilikuwa barabarani kinafanya siasa, tena ya jua kali.

Ndiyo maana sishangai kampeni za "jitokeze" zinapogonga mwamba. Zinamwita kijana kwenye mlango uleule alioutoka.

Yule rafiki yangu wa karatasi siku hizi anaendesha kundi la mtandaoni la majirani. Wanapiga picha taa za barabarani zilizozimika na kuzituma kwa wahusika kila Jumatatu, bila kuchoka, hadi mtu aje na ngazi. Uchaguzi uliopita hakupiga kura. Nilimsuta, nikamwambia kwa mtu kama yeye ni aibu. Hakubisha. Akanionyesha simu yake: taa 11 zimewaka tangu mwaka uanze. Kisha akaniuliza kura yangu mimi imewasha ngapi.